Mke wa Ushuhuda

Kabla hajaokoka, mume wangu alikuwa dalali wa maembe. Alikuwa na lori la rangi ya samawati, na honi yake ilijulikana kuanzia Matuu hadi kwetu vilimani Kangundo. Msimu ukifika alizunguka shamba kwa shamba akinunua matunda yangali mtini. Kwa kuwa wanaume wengi wa kwetu walifanya kazi mbali, aliyepatana naye bei kwa kawaida alikuwa mama wa boma. Ilisemwa kwamba wale wanaume waliobaki, wakiisikia ile honi, walitupa jembe wakarudi nyumbani mbio. Watu walisimulia hayo wakicheka. Mimi nilikuwa msichana wa kwaya, nimemaliza kidato cha nne juzijuzi, nami nilicheka pamoja nao, ingawa sikuelewa vizuri kilichochekesha ni nini.

Aliokoka mwaka ule mume mmoja wa Matuu alipompiga mpini wa jembe akamvunja taya. Alilazwa hospitalini majuma kadhaa, akatoka amekonda, na Jumapili moja akaingia kanisani kwetu amevaa suti iliyomzidi mabega. Pasta alipowaita wanaotaka kuokoka, alitembea hadi mbele akapiga magoti. Kanisa zima lilisimama. Wengi walisema Mungu ndiye amemgusa. Nyanya yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita susu, alisema aliyemgusa ni yule mwenye mpini.

Baada ya miezi michache alinikuta nje ya kanisa, mazoezi ya kwaya yamekwisha, nakunja joho langu.

"Jumapili ile nyingine uliimba sauti ya kwanza," aliniambia. "Leo umeimba ya pili. Nani amekuhamisha?"

Nilishangaa. Hata mama yangu, aliyeketi safu ya tatu kila Jumapili, hakuwa ameliona hilo. Nikamjibu kwamba mwalimu wa kwaya anasema sauti yangu inapasuka ikipanda.

"Haipasuki. Wanaogopa utawafunika."

Sauti yangu ilipasuka, na nilijua. Lakini hakuna mtu aliyewahi kunidanganya vizuri hivyo. Nilikwenda nyumbani nikisikia uso wangu una joto, na nikaosha vyombo vyote ingawa haikuwa zamu yangu.

Alinichumbia kwa adabu iliyowashangaza watu wote. Hakunishika hata mkono. Tukitoka kanisani alitembea upande wa pili wa njia, akiuliza maswali na kungoja jibu. Aliniuliza nikiwa mtoto nilikuwa naogopa nini. Aliniuliza ni kazi gani ya shamba ninayoichukia. Nilimwambia kuchuma kahawa asubuhi yenye baridi, vidole vikiwa vimekufa ganzi, na juma lililofuata akaniletea glavu za sufu alizokata ncha za vidole kwa mkasi. Mtu aliyelelewa na baba mkimya, katika nyumba ambayo maneno yalikuwa ya kuagizana kazi, afanye nini mbele ya mwanamume wa namna hiyo? Nilimpenda. Sitaki kusema kwamba nilidanganyika, kwa sababu hilo ndilo jambo ambalo kila mtu amenisemea tangu wakati huo. Nilimpenda na macho yangu yakiwa wazi, ila yalikuwa macho ya mtu ambaye hajaona kitu.

Baba hakutaka. Nilimsikia akimwambia mama jikoni, "Huyo mtu namjua." Lakini baba alikuwa mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi alikuwa amesimama mbele ya watu akiwaambia kwamba damu ya Yesu inasafisha kila doa, hata liwe jekundu namna gani. Pasta alipokuja kutuona, hakubishana naye. Alikunywa chai yake, kisha akauliza kwa upole, "Mzee, tuseme huyu peke yake ndiye aliyeshinda ile damu?" Baba alitazama kikombe. Angesema ndiyo, angekuwa amefuta mahubiri yake yote. Akasema, "Mapenzi ya Mungu yatimizwe," na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuza ng'ombe asiyetaka kumuuza.

Siku walipoleta mbuzi wa ntheo, ambao kwetu ndio huanza safari ya mahari, susu aliomba kuuliza swali moja. Alikuwa mzee sana, na hakuna wa kumnyima.

"Wale wengine," alimwambia mchumba wangu, "uliwaambia nini?"

Yeye hakuyumba. "Susu, wale niliwaambia uongo."

"Na huyu?"

"Huyu namwambia ukweli."

"Hata wale uliwaambia ni ukweli," susu akasema. "Ama uliwaambia mapema kwamba ni uongo?"

Watu walicheka, naye akacheka kuliko wote, na baba akakohoa akasema tuombe. Mimi nilikuwa chumba cha ndani na shangazi zangu, nikasikia aibu kwa ajili yake. Nilimkasirikia susu hadi alipokufa, na alikufa kabla sijajua la kumwambia.

Mwaka wa kwanza wa ndoa ulikuwa mzuri. Nalisema hili kwa sababu ni kweli na kwa sababu ndilo linaloniuma. Alirudi nyumbani mapema. Alinifundisha kuendesha lori kwenye uwanja wa shule, akishikilia usukani pamoja nami, tukicheka mpaka mlinzi akaja kutazama. Jumapili moja mchana, nikichambua maharagwe naye ameketi kwenye kizingiti, aliniambia jambo ambalo alisema hajawahi kumwambia mtu. Mama yake aliondoka na dereva wa lori, yeye akiwa mdogo. Alikuwa ameishika sketi ya mama yake pale kando ya barabara, na mama akamfungua kidole kimoja kimoja, akapanda. Alisema bado anakumbuka kwamba hakumvuta kwa nguvu. Alimfungua polepole, kama mtu anayetoa miiba. Niliacha maharagwe nikamshika kichwa. Nilijiambia kwamba sasa nimeelewa kila kitu, na kwamba mtu akishaeleweka hawezi tena kuwa hatari.

Kisha mialiko ikaanza. Habari za dalali wa maembe aliyeokoka zilikuwa zimeenea, na makanisa yalimtaka aje atoe ushuhuda. Tulikwenda Matuu, tukaenda Tala, tukaenda Kinanie kwenye mikutano ya injili ya uwanjani. Alikuwa na kipaji. Aliwaeleza watu dhambi zake kwa namna ambayo walisahau kukunja uso. Jinsi alivyoruka ua akaangukia zizi la nguruwe. Jinsi alivyokunywa uji wa mwenye nyumba huku mwenye nyumba akibisha mlango. Watu walishika mbavu. Halafu alishusha sauti, akasimulia juu ya mpini, na hospitali, na usiku alipomlilia Mungu, na wale wale waliokuwa wakicheka wakaanza kufuta machozi. Mwisho alininyooshea mkono.

Mara ya kwanza sikujua kwamba angesema vile. Nilikuwa nimeketi mbele kwenye kiti cha plastiki, kitambaa cheupe kichwani.

"Na Mungu hakunipa mke aliyebakizwa na wengine," alisema. "Alinipa huyu. Msichana safi. Mimi, niliyejulikana, huyu sikumgusa mpaka siku ya harusi. Nami ndimi wa kwanza, na nawashuhudia ni kweli."

Walipiga makofi. Mwanamke aliyekaa nyuma yangu alinigusa bega, "Asante Yesu, dada." Pasta alinipa ishara nisimame, nikasimama, nikapunga mkono. Wanaume nisiowajua walinitazama kuanzia kitambaa hadi viatu. Jambo ambalo mimi na yeye tulilijua peke yetu, jambo ambalo sikuwa nimemwambia hata mama yangu kwa maneno, lilikuwa limetoka kwenye spika mbili kubwa na kufika hadi kituo cha boda boda.

Nilimwambia njiani kwamba sikupenda. Alishangaa kwa dhati. "Nimekusifu," alisema. Baadaye nikazoea kusimama. Mtu huzoea.

Matuu, mara ya pili tulipoalikwa, mwanamke mmoja aliinuka katikati ya ushuhuda akatoka, akimvuta msichana mdogo wa umri wa kwenda shule. Yule mtoto aligeuka kuangalia jukwaani, na nikaliona paji la uso la mume wangu, lile pana lenye mstari katikati. Niliinuka nikawafuata. Sijui nilitaka nini. Niliwapata karibu na mahali wanapouza miwa.

"Bwana asifiwe," nilimsalimu, kwa kuwa sikuwa na salamu nyingine.

"Wewe ndiwe bibi yake."

"Ndiyo."

Alinitazama bila chuki. Alikuwa na uso wa mtu aliyechoka. "Mwambie asiwe anakuja kusimulia huku. Huko kwenu ni hadithi. Hapa watu wananijua. Hiyo nyumba ya ule uji ni kwangu. Huyu anaulizwa shuleni."

Mtoto alikuwa akitafuna muwa, ananitazama.

Usiku huohuo nilimwambia mume wangu nilichoambiwa, na kwamba mtoto ni wake, hata kipofu angejua. Hakukana. Aliweka kijiko chini.

"Hayo Mungu ameshasahau," alisema. "Wewe ni nani uyakumbuke?"

Nilitafuta jibu kwenye Biblia, nikakuta kwamba alikuwa ameinukuu vizuri.

Wakati huo tulikuwa na binti yetu mmoja, naye ameanza kutembea. Mume wangu alikuwa akitoa ushuhuda kwa Kikamba, ambacho alikiita lugha ya moyo wake, lakini kule Kinanie na Athi River watu ni wa kila kabila, hivyo kanisa likampa mkalimani wa Kiswahili. Alikuwa msichana mwalimu wa chekechea, mwembamba, mwenye sauti safi, ambaye kila alichokisema mume wangu alikirudia kwa nafsi ya kwanza, kama wakalimani wanavyofanya. "Nilikuwa mzinzi," angesema yule msichana, mikono imefumbatwa. "Nilikuwa nimepotea." Watu walimpenda. Hata mimi nilimpenda. Nilimpikia muthokoi wa mahindi na maharagwe kwangu mara nyingi, akambeba mtoto wangu.

Siku moja Kinanie, upepo ukivuma vumbi hadi kwenye maikrofoni, mume wangu alisema, "Nilikua bila mama." Maneno hayo matatu, akanyamaza kidogo kupata pumzi.

Yule msichana akatafsiri: "Mama yangu aliondoka na dereva wa lori, nikiwa nimeishika sketi yake. Alinifungua kidole kimoja kimoja."

Alisema hivyo kisha akajua alichokisema. Nilimwona akijua. Alifunika mdomo kidogo kwa karatasi aliyoishika, na mume wangu akamgeukia, halafu akanigeukia mimi. Umati haukuona kitu. Waliguna kwa huruma. Nilikaa pale kwenye kiti cha plastiki, mtoto amelala mapajani, na wakati wangu wa kusimama ulipofika nilisimama nikapunga mkono.

Nyumbani mume wangu alilia. Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji akaniambia kila kitu, na zaidi ya nilivyotaka kujua. Mimi nilikuwa nikiwaza juu ya ile sketi tu. Mwili wake ningeweza kuuelewa, labda. Wote walikuwa wameshaupata, nami niliujua hivyo nilipoolewa. Lakini ile Jumapili ya maharagwe nilidhani ni yangu. Nikamuuliza, "Na huyo ulimwambia kwamba hujawahi kumwambia mtu?" Machozi yake yalikauka mara moja, kama bomba lililofungwa.

Pasta alikuja na wazee wawili, na mmoja wao alikuwa baba yangu. Waliketi sebuleni kwangu. Pasta alisema adui amepiga huduma. Alisema wapo watu waliomjia Yesu kwa sababu ya ushuhuda ule, na wakisikia, watarudi walikotoka. Akaniuliza kama niko tayari kuzibeba roho zao.

"Na yule msichana?" niliuliza.

"Yule ametengwa. Hatasimama mbele tena."

"Na yeye?" Nilimwonyesha mume wangu kwa kidevu.

"Yeye ametubu," pasta akasema.

Nilimtazama baba. Nilitaka aseme neno moja tu, lile alilolisema jikoni siku zile. Alikuwa ameweka kofia yake gotini akiisugua ukingo kwa kidole gumba. Walipoinuka kwenda, alibaki nyuma kidogo mlangoni. "Mama," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu utotoni, nilipewa jina la mama yake, "vumilia kidogo." Kisha akawafuata wenzake.

Nilivumilia. Kabla mvua nyingine hazijanyesha mume wangu alikuwa amerudi jukwaani, na ushuhuda ulikuwa umeongezeka sehemu. Sasa ulisema kwamba hata baada ya kuokoka alianguka, lakini alikuwa na mke mwenye moyo wa Kristo, mke aliyemsamehe. Makofi yalikuwa makubwa kuliko yale ya usafi wangu. Wanawake walinipangia foleni baada ya ibada niwaombee wawe na uvumilivu. Yule msichana wa chekechea aliketi kiti cha mwisho kabisa karibu na mlango, tumbo likianza kuonekana, hadi Jumapili moja hakuja. Nilisikia amekwenda Kitui kwa dada yake. Sikumtafuta.

Miaka ilikwenda hivyo, mingi kuliko ninavyopenda kuhesabu. Alianguka tena na akatubu tena; nilikuwa nimejifunza kujua kwa kutazama tu jinsi anavyochana nywele. Jambo lililonitoa halikuwa lake hata kidogo.

Lilikuwa la binti yangu, akiwa darasa la pili. Mchana mmoja wa likizo nilikuwa naanika nguo nikamsikia nyuma ya nyumba akicheza na watoto wa jirani. Nilichungulia kupitia kwenye shuka. Alikuwa amesimama juu ya kreti la soda, gunzi la mahindi mkononi kama maikrofoni.

"Mimi ndimi baba," alikuwa akiwapanga wenzake. "Nyinyi ni watu. Nikisema nguruwe mnacheka, nikisema hospitali mnalia. Wewe ni mama."

Msichana wa jirani aliuliza, "Mama anasema nini?"

"Hasemi kitu. Unakaa hapo. Nikisema 'mke wangu' unasimama, unafanya hivi." Binti yangu akainua mkono akapunga, akatabasamu tabasamu ambalo nilidhani hakuna aliyekuwa akiliona. Alikuwa amelipata sawasawa. Midomo inacheka, macho yanatazama mbali.

"Mimi sitaki kuwa mama," yule wa jirani akasema. "Inachosha."

"Basi mtu wa mwisho kufika ndiye atakuwa mama," binti yangu akaamua, na wote wakakimbia.

Nilimaliza kuanika. Kesho yake, saa nne asubuhi, mume wangu akiwa ameketi mezani na chai yake, nilimwambia mimi na binti yetu tunaondoka. Aliuliza ni nani ameniambia nini safari hii. Nilimwambia hakuna. Alisema tuombe kwanza. Nilimwambia aombe, na wakati anaomba nilitoa masanduku nje. Nadhani lile ndilo lililomuudhi zaidi, kwamba alipofumbua macho sikuwa chumbani.

Nilikuja Machakos mjini, nikapata kazi ya kushona sare za shule kwa mama mmoja mwenye cherehani nyingi, na sasa nina cherehani zangu mwenyewe. Mama yangu alinitembelea. Baba hakuja hadi alipougua akaletwa hospitali, na hapo tulizungumza juu ya bei ya kahawa. Kanisani kwetu walisema nilishindwa na roho ya uchungu. Hawakukosea sana. Wapo wanaoshinda uchungu wakawa watamu tena, nami nawapongeza. Mimi bado, nikiona kiti cheupe cha plastiki kimewekwa mbele ya watu, shingo yangu hukakamaa.

Yeye alioa tena, msichana wa Kinanie, mdogo, anayeimba. Wateja wangu hunisimulia ushuhuda ulivyo sasa. Mimi nimo, katikati, baada ya mpini: mke ambaye shetani alimwingia akaiacha nyumba yake, lakini Mungu hakumwacha mtumishi wake. Wananiambia kwamba huwa hanitaji kwa ubaya. Analia kidogo akinisema. Wao wakiniambia hivyo hunitazama usoni kuona kama nitasema kitu, nami huwauliza kama sketi wanataka ya marinda au ya kawaida.

Binti yangu yuko sekondari. Anampenda baba yake. Sikumfundisha kumchukia, wakati mwingine nadhani sikufanya hivyo kwa kuogopa kwamba ningeshindwa. Kila likizo huenda kwake juma zima, na mimi humpigia pasi nguo zake, namfungia mandazi. Juzi alirudi amebeba mfuko wa maembe, akajitupa kwenye kiti karibu na cherehani, viatu bado mguuni.

"Baba ameniuliza kitu, sijawahi kuulizwa na mtu," aliniambia. Macho yake yalikuwa yaking'aa. "Ameniuliza nikiwa peke yangu huwa nawaza nini."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia vitu vingi. Alisikiliza vyote. Mama, baba anajua kusikiliza."

"Anajua," nilisema.

Alimenya embe moja kwa meno akalila lote, akinisimulia, akicheka, maji yakimtiririka hadi kwenye kiwiko. Nikamwambia anawe mikono kabla hajagusa kitambaa cha watu.